Ukienda kutazama majani ya Marekani, panga mwili kabla ya njia

Je, una mtoto au ndugu anayeishi Marekani ambaye amekualika umtembelee mwezi wa Oktoba? Wakenya wengi wamefanya makao karibu na jiji la Boston, hasa katika miji ya Lowell na Worcester. Kutoka huko, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari huwafikisha katika milima ya New Hampshire, ambako majani ya miti hugeuka manjano, rangi ya machungwa na mekundu kabla ya kupukutika.

Ni safari ya siku tatu au nne, na uzuri wake ni wa kusifika. Hata hivyo, wengi huipanga kwa kuangalia ramani na bei ya hoteli pekee. Wanasahau kwamba atakayekaa ndani ya gari hilo ni binadamu mwenye damu, usingizi na pengine dawa za kumeza kila siku.

Kwanza, chagua tarehe vizuri. Siku zinapozidi kuwa fupi, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Hapo manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani hujitokeza. Wekundu wa miti ya mepoli nao hutengenezwa wakati huo kutokana na sukari iliyosalia kwenye jani. Milimani, rangi hizi hufikia kilele kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Karibu na Boston, ni katika nusu ya pili ya Oktoba. Kumbuka kwamba Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu. Barabara hujaa magari na vyumba huadimika. Weka nafasi mapema, kwani anayekosa chumba hujikuta akiendesha gari usiku akiwa amechoka.

Usingizi usukani

Hatari kubwa zaidi kwa mgeni kutoka Kenya ni saa. Katika majira hayo, Nairobi iko mbele ya Boston kwa saa 7. Hii ina maana kwamba inapotimia saa kumi na moja jioni huko, mwili wako unaamini ni saa sita usiku. Kwa kawaida mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Kwa hivyo itapita karibu wiki nzima kabla hujatulia.

Isitoshe, magari ya Marekani hupita upande wa kulia wa barabara, na dereva aliyelemewa na usingizi hurudia mazoea ya kwao bila kujua. Ukiweza, mwachie mwenyeji usukani. Ikibidi uendeshe wewe, pumzika siku nne au tano baada ya kuwasili, kisha uendeshe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Kahawa na kufungua dirisha haviondoi usingizi, ila huuchelewesha tu. Dawa ya usingizi ni kulala. Jihadhari pia na dawa za mafua, kwani baadhi yake huleta usingizi.

Miguu, dawa na baridi

Kukaa kwa zaidi ya saa nne bila kusimama, iwe ni ndani ya ndege au ndani ya gari, kunaweza kusababisha damu kuganda katika mishipa ya miguu. Walio katika hatari zaidi ni wajawazito, wanene kupita kiasi, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi na waliowahi kupatwa na tatizo hilo. Simama kila baada ya saa mbili, tembea dakika chache na unywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukishindwa kupumua ghafla, usingoje. Piga 911.

Mfano wa mpango mzuri ni huu. Siku ya kwanza, toka Boston hadi Lincoln, karibu kilomita 200. Siku ya pili, fuata barabara ya Kancamagus hadi Conway. Ni kilomita 55 tu, lakini itengee siku nzima ili usimame mara kwa mara. Hakuna kituo cha petroli njiani, kwa hivyo jaza tangi na ubebe maji na chakula. Siku ya tatu pumzika Conway, na ya nne urejee Boston.

Wapo watakaotaka kupanda Mlima Washington, wenye kimo cha mita 1,917. Mkazi wa Nairobi hana haja ya kuogopa kimo hicho, kwani tayari anaishi karibu mita 1,700 juu ya bahari. Aogope baridi na upepo. Mwaka wa 1934 upepo wa kilomita 372 kwa saa ulipimwa kileleni. Beba koti zito, kofia na glavu hata kama bondeni kuna jua. Mwenye kisukari asiache insulini ndani ya gari usiku, kwa sababu ikiganda kwa baridi huharibika. Dawa zote zibaki ndani ya chupa au pakiti zake halisi, pamoja na cheti cha daktari, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari. Nunua pia bima ya matibabu kabla ya kuondoka, kwa kuwa gharama za hospitali za Marekani ni kubwa mno.

Fika unakolala kabla ya jua kutua, yaani mwendo wa saa kumi na mbili jioni. Jioni ndipo hutokea musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayeweza kupita kilo 400. Kwa kuwa miguu yake ni mirefu, akigongwa mwili wake huangukia kioo cha mbele. Sheria ya New Hampshire haiwalazimishi watu wazima kufunga mkanda, lakini wewe ufunge.

Homa isikupotoshe

Ukitembea msituni, vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme, na mwezi wa Oktoba bado wako wengi. Ukimwona, mtoe mara moja, kwani kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24 kuambukiza. Upele unaotanuka hujitokeza kati ya siku 3 na 30, pengine ukiwa umesharejea nyumbani. Mweleze daktari wako ulikokuwa, ili asifikirie malaria peke yake.

Vivyo hivyo, ukishikwa na homa huko Marekani, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Kenya na uombe upimwe malaria. Ugonjwa huo huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, na madaktari wa huko hawauoni mara nyingi. Ukichukuliwa kuwa mafua ya baridi, unaweza kuua kwa siku chache.

Majani hupukutika na kuchipuka tena mwaka unaofuata. Ukikuta umechoka, lala. Mlima utakuwa pale pale asubuhi.