Kutu, Vumbi na Maji Baridi: Sayansi ya Kuzeesha Modeli

Lori dogo la plastiki lililounganishwa kwa uangalifu na kupakwa rangi moja safi huonekana kuwa kitu cha kuchezea hata kama kila boliti yake imepimwa sawasawa, kwa sababu jicho lililozoea barabara hutafuta alama za kazi: rangi iliyopauka juu ya paa, tope lililokauka nyuma ya madigadi, michubuko kwenye mlango pale utingo anaposhika kila siku. Kazi ya kuongeza alama hizo katika modeli, au katika diorama, yaani mandhari ndogo inayozunguka modeli hiyo, ndiyo mafundi huiita kuzeesha, na watu wengi huidhania kuwa ni kuchafua tu. Dhana hiyo haiitendei haki. Kila doa juu ya gari la kweli lina chanzo chake katika kemia, hali ya hewa au mwendo wa hewa, na modeli isiyozingatia vyanzo hivyo hudanganya hata ikiwa imechafuliwa kwa ustadi mkubwa.

Mfano ufaao ni Fuso linalobeba kahawa katika milima ya Mbinga. Barabara kuu ya kuteremka hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, lakini njia nyingi za vijijini, zikiwamo zile za upande wa Liparamba karibu na mpaka wa Msumbiji, ni za udongo, na udongo wa miteremko hiyo ni mwekundu. Wekundu huo hutokana na hematiti, madini ya chuma na oksijeni yanayojijenga pale ambapo kuna joto na maji hayatuami. Mabondeni, ambako unyevu hudumu, chuma hichohicho hushikana pia na hidrojeni na kuwa gothaiti, yenye rangi ya manjano iliyokoza kuelekea kahawia. Kutu ya bodi ya lori nayo ni ya ukoo huohuo, ila haifanani na vumbi: ikiwa changa huwa na rangi ya machungwa kwa sababu ya madini yaitwayo lepidokrositi, na kadiri miaka inavyopita sehemu yake kubwa hugeuka kuwa gothaiti na kukolea. Kwa hiyo fundi anayetumia chupa moja ya unga wa rangi kwa vumbi na kwa kutu anakosea, hata kama ni kweli kwamba vyote viwili ni chuma kilichokutana na oksijeni. Inafaa kukumbukwa pia kwamba unga huo mwekundu wa dukani mara nyingi ni oksidi ya chuma, aina ileile ya rangi iliyotumiwa na wachoraji wa kale wa miamba ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Baada ya rangi huja swali la mahali. Gari linapokwenda kasi, hewa iliyopasuliwa na kichwa chake hushindwa kujifunga mara moja nyuma ya tela, hivyo hutokea eneo la msukumo mdogo ambamo hewa hujizungusha na kuvuta vumbi lililotimuliwa na matairi. Ndiyo maana mlango wa nyuma huwa mchafu kuliko kichwa, na kioo cha mbele hubaki na nusu duara mbili safi zilizofutwa na waipa. Tairi lililotoka njia ya udongo na kupita lami kilomita kadhaa huwa jeusi pale linapokanyaga na jekundu ubavuni. Mvua ya masika huteremsha vumbi kwa michirizi inayoanzia kwenye boliti, bawaba na kingo, na haianzii popote pengine, jambo ambalo wachoraji wengi wa michirizi hulisahau.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba maumbile hayakubali kupunguzwa pamoja na gari. Katika kipimo cha 1:35, ambapo sentimita moja ya modeli ni sentimita 35 za gari la kweli, chembe ya vumbi yenye upana wa milimita 0.05 huonekana kama kokoto ya milimita 1.75, na tone la maji la milimita 2 huwa kama dimbwi la sentimita 7 lililotuna. Mvutano wa uso wa maji, yaani ile nguvu inayoyafanya yajikusanye kuwa tone, haupungui kwa sababu tu lori limekuwa dogo, na hivyo dimbwi la diorama halitengenezwi kwa maji bali kwa resini inayoganda ikiwa bapa na angavu. Udongo halisi uliochotwa barabarani hautoshi kuchekechwa. Ni lazima usagwe hadi uwe laini mno, la sivyo gari litaonekana limemwagiwa changarawe.

Mbinu zenyewe si nyingi. Rangi iliyozimuliwa kwa thina huachwa itambae kwenye mifereji na kuonyesha vivuli, na brashi karibu kavu hupitishwa juu ya kingo ili zing'ae. Kwa rangi iliyobanduka, fundi hupaka kwanza rangi ya kutu, huifunika kwa spreyi ya nywele, na ikikauka hupaka juu yake rangi ya akriliki; anapolowanisha sehemu fulani na kusugua, maji huyeyusha tabaka la spreyi na rangi ya juu hutoka kwa mapande yasiyopangika. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba haiigi umbo la mbanduko tu, kwa maana hata katika gari la kweli rangi hutoka pale ambapo unyevu umepenya chini yake na kuvunja mshiko wake na chuma.

Mwambao wa Nyasa una tukio linalodai elimu hii yote kwa pamoja. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann katika bandari ya Sphinxhafen, ambayo ni Liuli ya leo, kaskazini mwa Mbamba Bay. Meli hiyo ya Kijerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa ukarabati, na nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Kwa mjenzi wa diorama, hali hiyo ina maana kwamba sehemu ya meli ambayo kwa kawaida hufichwa na maji iko wazi yote, na haiwezi kuchorwa kwa kubahatisha. Juu ya mstari wa maji, jua la mwaka mzima lingekuwa limeivunja gundi ya rangi na kuiacha ikitoa unga mweupe; kwenye mstari wenyewe kungekuwa na utepe wa mwani, uliokuwa kijani majini na kugeuka kijivu baada ya kukauka; chini yake, kutu ya kahawia.

Hapa ndipo mazoea ya baharini yanapopotosha. Ziwa Nyasa ni maji baridi, na chumvi inayoharakisha kutu na kuifanya itoboe bamba za meli huko Tanga au Mombasa haipo kwa kiwango hicho, kwa hiyo kutu ya Liuli inapaswa kuchorwa kama ngozi iliyotandaa, bila vidonda vingi virefu. Vilevile, wale viumbe wenye magamba makali wanaong'ang'ania matumbo ya majahazi ya pwani hawaishi katika ziwa hilo, na modeli ya Wissmann iliyobandikwa magamba hayo, hata kama yamechongwa kwa mkono wa bingwa, imehamishia meli bahari isiyowahi kuifikia tangu ilipoletwa ziwani kwa vipande. Agosti ni kiangazi, na upepo wa kusi hukausha haraka. Ardhi chini ya meli iliyopandishwa haina budi kuwa kavu na yenye vumbi hadi karibu na ukingo wa maji, na unyevu unaong'aa kando ya mstari wa maji ni haki ya Guendolen peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikielea.