Siku kwanza ao mwezi kwanza?

Ndugu yetu moja wa hapa Kenya, mutumikaji wa mu mine, alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 7. Ku biro ya kampuni, fomu ya ordinateri ilipangwa kiamerika: mwezi kwanza, siku nyuma. Akaandika 03/07, mashini ikasoma mwezi wa 3. Haikukatala, juu namba zote mbili zinaweza kuwa mwezi. Angezaliwa tarehe 25, ingekatala palepale!

Pansiyo ni miaka 60. Kampuni itamutosha miezi 4 mbele, CNSS itamwambia angoye. Batoto watakula nini?

Sisi badelege tunaomba kitu kimoja tu: mwezi uandikwe kwa maneno, «juillet», hapana 07. Na banamuke, muangalie ile karatasi mbele bwana hajatia sinyatire.