Miwani nyembamba: niliyojifunza kwa binti yangu

Mwaka jana, skuli zilipofunguliwa hapa Maskati, binti yangu alirudi nyumbani kaivua miwani. "Mama, siivai tena. Wenzangu wanasema nimevaa vitako vya chupa." Macho yake yote mawili ni mainasi saba. Wallahi, roho iliniuma.

Dukani nikaambiwa dawa ni lenzi nyembamba ya 1.67. Nikalipa, wala sikuuliza hiyo 1.67 ni kitu gani.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Namba hiyo inaonyesha plastiki inaipunguza nuru kasi kiasi gani. Ikipungua kasi zaidi, nuru hupinda zaidi, na lenzi haihitaji mkunjo mkubwa. Plastiki ya kawaida, CR-39, iliyotoka Marekani miaka ya 1940, ni 1.50. Kwa macho yaleyale, ya 1.67 hupunguza mkunjo kwa robo hivi, na ukingo nao huwa mwembamba.

Siri yake ni salfa, ileile *kibrit* ya Kiarabu. Wakemia, wakiwemo wa Mitsui Chemicals ya Japani, waliiingiza ndani ya minyororo ya polima. Elektroni zake huyumbishwa na nuru kwa wepesi, na nuru hupungua kasi. Ndiyo maana fundi akizikata lenzi hizi hutoka harufu kama ya yai viza.

Lakini kizuri hakikosi ila. Siku ya pili binti akanambia: "Mama, nikitazama pembeni, taa zina upinde wa mvua." Nikadhani anadeka. Kumbe kweli! Plastiki inayopinda nuru sana aghalabu huzitawanya na rangi zake. Kipimo chake ni namba ya Abbe: CR-39 ni 58 hivi, ya 1.60 ni kama 41, ya 1.67 kama 31. Ikiwa ndogo, rangi hutawanyika zaidi. Hapo ndipo wataalamu wanapoumiza vichwa: nuru ipinde, rangi zisitawanyike, na plastiki isigeuke manjano.

Tukaenda duka jengine, tukachukua 1.60 na fremu ndogo ya duara, maana fremu ndogo huukata ule ukingo mnene. Sasa analala nayo mpaka nimvue.

Mzazi mwenzangu, ukiambiwa "nyembamba", uliza na Abbe yake. Na mtoto akikwambia haoni vizuri, msikilize kwanza.