Maumivu ya Kichwa Yasiyokoma: Namna ya Kuzungumza na Daktari Anayesita Kukuandikia Dawa

Mtu anayeumwa kichwa hana jeraha la kuonyesha. Huingia katika chumba cha daktari akiwa amevaa vizuri, akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba kichwa kinamuuma, na pengine akatoka baada ya dakika chache na vidonge vile vile alivyokuwa akijinunulia dukani. Akiomba dawa yenye nguvu zaidi, daktari husita. Mgonjwa huondoka akidhani hakuaminiwa. Daktari naye hubaki akidhani amemwepusha mgonjwa na madhara. Huenda kila mmoja ana sababu yake njema, lakini maumivu hubaki pale pale.

Makala haya yanaeleza kwa nini daktari husita, mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyatayarisha kabla ya kwenda kumwona, namna ya kuuliza, na haki alizo nazo chini ya sheria za Kenya. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: usiende kuomba kidonge tu, nenda kuomba mpango wa matibabu, na ombi lako likikataliwa, una haki ya kuelezwa sababu.

KWA NINI DAKTARI HUSITA

Sababu ya kwanza huwashangaza wengi: dawa za kutuliza maumivu zenyewe zaweza kuleta maumivu ya kichwa. Mtu mwenye ugonjwa wa kuumwa kichwa akitumia dawa za kawaida, kama parasetamoli, aspirini au aibuprofeni, siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo hatarini kupata maumivu yanayotokana na dawa hizo. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa kadhaa, na kwa dawa kama kodeini na tramadoli, kiwango cha hatari ni siku 10 tu kwa mwezi.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa nguo mjini Nakuru ambaye huumwa kichwa siku mbili au tatu kila wiki. Asubuhi humeza vidonge viwili ili aweze kuketi kwenye cherehani. Baada ya muda anaanza kuvimeza hata siku ambazo kichwa hakijamuuma, kwa hofu ya kutomaliza kazi za wateja. Kufikia mwezi wa sita anaamka na maumivu karibu kila siku, naye anaamini kwamba ugonjwa umekomaa na unahitaji dawa kali zaidi. Daktari akimwongezea dawa hiyo bila kuuliza hesabu ya vidonge, huenda akamzidishia ugonjwa. Anachohitaji mshonaji huyu ni kusaidiwa kupunguza vidonge, akijua mapema kwamba maumivu yaweza kuzidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Kwa dawa kama kodeini na tramadoli, asiache kwa ghafla bila usimamizi wa daktari.

Sababu ya pili ni uraibu. Kodeini, tramadoli na pethidini ni dawa za jamii ya afyuni. Mwili huzizoea, kipimo kilichotosha jana hakitoshi leo, na kuziacha huwa taabu. Tena, kwa maumivu ya kichwa ya muda mrefu dawa hizi si chaguo zuri. Daktari anayekataa kukudunga pethidini kila kichwa kinapouma hakunyimi haki yako. Anafuata utaratibu wa kitabibu. Ieleweke pia kwamba sindano si lazima iwe dawa kali kuliko kidonge. Diklofenaki, kwa mfano, hutolewa kwa njia zote mbili.

Sababu ya tatu ni madhara kwa viungo vingine. Parasetamoli ikizidi huharibu ini: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na baadhi ya watu huhitaji kipimo cha chini ya hapo. Aibuprofeni, diklofenaki na aspirini zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Hatari kubwa zaidi hutokea pale mtu anapomeza dawa ileile chini ya majina mawili ya kibiashara bila kujua. Soma jina la kiambato kwenye pakiti, si jina kubwa la kibiashara pekee, au mwombe mfamasia akusomee.

Sababu ya nne ni kwamba daktari hataki kuyanyamazisha maumivu kabla ya kujua chanzo chake. Kichwa huuma kwa malaria, kwa shinikizo la damu lililopanda sana, kwa maradhi ya macho na kwa mengine mengi. Hapa mgonjwa pia aepuke kujitibu kwa kubahatisha. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kumeza dawa za malaria kila kichwa kinapouma, bila kipimo, ni kupoteza fedha na kuchelewesha tiba ya kweli.

Hata hivyo, si kila kusita kunafaa. Kumwambia mgonjwa kwamba hayo ni mawazo tu, au kwamba wanawake hupenda kulalamika, si uchunguzi wa kitabibu. Kipandauso ni ugonjwa halisi wa mfumo wa neva. Mara nyingi huuma upande mmoja, hupwita, huambatana na kichefuchefu, na mgonjwa huchukia mwanga na kelele. Mtu anayeshindwa kwenda kazini au kuhudumia watoto wake kwa sababu yake anastahili matibabu.

ANDIKA KABLA YA KWENDA

Mazungumzo ya daktari ni mafupi, na kumbukumbu ya mtu aliyechoshwa na maumivu haiaminiki sana. Kwa hiyo, weka daftari dogo kwa muda wa wiki nne. Kila siku unapoumwa, andika:

1. Tarehe, saa maumivu yalipoanza na saa yalipokwisha.
2. Sehemu inayouma, na ukali wake kwa kipimo cha 0 hadi 10.
3. Dalili nyingine, kama vile kutapika, kuona vimulimuli, au ganzi.
4. Jina la kila dawa uliyotumia, idadi ya vidonge, na kama ilikusaidia.
5. Kazi uliyoshindwa kuifanya siku hiyo.
6. Mambo yaliyotangulia: usingizi mchache, mlo ulioachwa, kahawa, pombe, au siku za hedhi.

Beba pia pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na kadi yako ya kliniki. Usifiche mitishamba, miraa wala pombe. Mjulishe daktari kama una ujauzito, pumu, vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma amweleze daktari kama anatumia tembe za kupanga uzazi, kwa kuwa zile zenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi.

NAMNA YA KUYASEMA

Anza kwa hesabu, si kwa jina la dawa unayoitaka. Waweza kusema hivi:

“Daktari, nimekuwa nikiumwa kichwa kwa miezi minane. Mwezi uliopita niliumwa siku 14, na siku tano kati ya hizo sikuweza kufanya kazi. Nilimeza parasetamoli siku 12. Maumivu hukaa upande mmoja na mwanga hunisumbua. Naomba tujue ni ugonjwa gani, na tupange namna ya kuuzuia.”

Maneno hayo yanamwonyesha daktari ukubwa wa tatizo, yanajibu swali alilo nalo kuhusu dawa, na yanamwalika kufikiri pamoja nawe.

Akisema hawezi kukuandikia dawa uliyoiomba, usigombane wala usinyamaze. Uliza: “Nimekuelewa, Daktari. Ni hatari gani unayoihofia kwangu, na badala ya dawa hiyo tutafanya nini?”

Akisema ni msongo wa mawazo, jibu kwa utulivu: “Huenda msongo unachangia, nami niko tayari kuuzungumzia. Naomba pia unipime shinikizo la damu na unichunguze kabla hatujaamua hivyo.”

Akikuelekeza upigwe picha ya kichwa, ambayo gharama yake ni kubwa, uliza picha hiyo inatafuta nini na jibu lake litabadilisha nini katika matibabu. Wagonjwa wengi wenye kipandauso ambao uchunguzi wa mwili haukuonyesha kasoro hawahitaji picha hiyo.

DAWA ZA KUZUIA

Wengi hawajui kwamba kuna dawa ambazo hazikusudiwi kutuliza maumivu yaliyokwisha kuanza, bali kupunguza idadi ya siku za kuumwa. Kwa kawaida hufikiriwa pale kipandauso kinapomshika mtu siku nne au zaidi kwa mwezi, au kinapomvurugia maisha. Uliza kama dawa ya aina hiyo inakufaa.

Propranololi ni mojawapo, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa kuzuia kipandauso. Hutumika pia kwa maradhi ya moyo na shinikizo la damu, na haimfai mwenye pumu. Nyingine ni amitriptilini, inayotolewa kwa kipimo kidogo wakati wa usiku kwa sababu huleta usingizi. Dawa hii hutumika pia kutibu sonona, na wagonjwa wengine wakisoma karatasi ya maelezo hudhani daktari amewaona wana ugonjwa wa akili, wakaitupa. Sivyo, dawa moja yaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Valproati nayo haipaswi kutumiwa kuzuia kipandauso kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Dawa za kuzuia hazifanyi kazi kwa siku moja. Huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya kuamua kama zinasaidia. Endelea na daftari lako. Ndilo litakaloonyesha kama siku 14 zimekuwa saba.

HAKI ZAKO

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali ya afya yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari na gharama za kila njia. Inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unatambua pia haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Haki hizi hazimlazimishi daktari kukuandikia dawa anayoamini itakudhuru. Zinamlazimisha kukueleza. Ukiwa hujaridhika, omba muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi, na uombe rufaa ya kumwona daktari mwingine au bingwa wa maradhi ya neva. Kuhama kutoka duka moja la dawa hadi jingine ukikusanya vidonge si kutafuta maoni ya pili, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wauzaji hao anayejua jumla ya ulichomeza.

Ukitukanwa, ukidharauliwa au ukinyimwa maelezo, anza kwa kumwona msimamizi wa kituo. Sheria ya Afya inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko na kutaka yachunguzwe. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Yale yanayohusu ubora wa dawa au duka la dawa hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

USINGOJE MIADI

Nenda hospitalini mara moja, usingoje daftari lijae, ikiwa:

- maumivu yameanza ghafla na kufikia kilele chake kwa muda mfupi sana, kuliko yote uliyowahi kuyapata;
- una homa na shingo iliyokakamaa, au umechanganyikiwa;
- upande mmoja wa mwili umelegea, maneno hayatoki vizuri, au umepata degedege;
- maumivu yamefuata kuanguka au kugongwa kichwani;
- una ujauzito, au umejifungua karibuni, na unaona ukungu au umevimba uso na mikono;
- una virusi vya UKIMWI au saratani na maumivu haya ni mapya;
- umevuka umri wa miaka 50 na hujawahi kuumwa kichwa kwa namna hii.

KABLA YA KUTOKA CHUMBANI

Usiinuke kitini kabla ya kujua mambo matano: jina la ugonjwa ambao daktari anaudhania, dawa ya kutumia maumivu yanapoanza, na siku ambazo hupaswi kuzidisha kwa mwezi, kama unahitaji dawa ya kuzuia, dalili zitakazokurudisha haraka, na tarehe ya kuonana tena. Ukishindwa kukumbuka, mwombe daktari akuandikie. Ikiwa hukuelewa, rudia maneno yake kwa namna ulivyoyaelewa ili akusahihishe, kisha yaandike katika daftari lako na urudi nalo siku ya miadi.