Nyumba ya Mawe Ikiorodheshwa Hubaki ya Mwenyewe

Mwenye nyumba akiambiwa kwamba nyumba yake imo katika orodha ya turathi, swali la kwanza huwa: je, sasa ni ya serikali? La. Nyumba hubaki yake. Ataishi humo, ataipangisha na wanawe watairithi. Kinachobadilika ni kuwa haruhusiwi kuibomoa au kuigeuza umbo bila idhini.

Mji wa Kale wa Lamu, wenye ukubwa wa hekta 16 hivi, uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hapa nchini, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 humwezesha Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, kutangaza jengo la kale kuwa la kulindwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Asiyekubali ana haki ya kuweka pingamizi. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali kuu, lakini mipango ya miji na vibali vya ujenzi ni jukumu la kaunti. Ndiyo sababu mwenye nyumba hutakiwa kubisha milango miwili.

Ubomoaji huonekana na kila mtu. Hatari kubwa zaidi ni ukarabati wa nia njema. Kuta za nyumba hizi, nyingi zikiwa za karne ya 18, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupenya chokaa ukatoka. Ukutani pakipigwa saruji, maji na chumvi hukwama ndani: plasta hubambuka, zidaka humomonyoka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizopima upana wa msana na ndani, karibu mita 3, kwa kuwa chumba hakiwezi kuzidi urefu wa mti. Anayemwaga zege ili apate ukumbi mpana huutwika ukuta mzigo usiouweza, na ukuta huo mara nyingi ni wa jirani pia. Penye wikio juu ya njia, nyumba mbili hutegemeana.

Kuna na jambo la mirathi. Nyumba moja huweza kuwa na warithi kumi, nusu yao Mombasa au ng'ambo, kila mmoja akimngoja mwenziwe atengeneze paa. Orodha haizibi paa linalovuja. Ni heri familia imteue mmoja wao, kwa maandishi, kabla ya masika kuanza.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mwenye nyumba apeleke picha na maelezo ya kazi anayokusudia katika ofisi ya Makavazi mjini Lamu na ofisi ya mipango ya kaunti. Mlango wa nakshi nao ni sehemu ya nyumba. Using'olewe wala kuuzwa kabla ya kuuliza. Wa Shela, Pate na Siyu, walio nje ya mipaka ya Mji wa Kale, nao waulize kwanza.