MGONJWA WA SARATANI ASIUSAHAU MOYO WAKE

Saratani inapotajwa, wengi wetu huuliza jambo moja tu: je, uvimbe utaondoka? Swali hilo ni la haki. Lakini katika mazungumzo yangu ya redioni wiki hii nilizungumzia kiungo ambacho aghalabu husahauliwa wakati wa matibabu hayo, nacho ni moyo. Baadhi ya dawa zinazoua saratani zinaweza pia kuudhoofisha moyo. Tena udhoofu huo unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati mgonjwa amekwisharudi nyumbani kwake Tunduma, Mbozi, Ileje au Momba, na yeye mwenyewe anajihesabu kuwa amepona.

Tuanze na dawa yenyewe. Waliowahi kuuguza wanaifahamu ile dripu yenye rangi nyekundu, ambayo humfanya mgonjwa akojoe mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Dawa hiyo huitwa doksorubisini. Asili yake ni vijidudu vilivyopatikana kwenye udongo nchini Italia, na imekuwa ikitumika mahospitalini tangu miaka ya 1970. Hutibu saratani ya matiti, saratani ya tezi, na baadhi ya saratani za damu na za watoto. Imeokoa maisha ya watu wengi sana. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nimewaambia wagonjwa waikimbie.

Tatizo ni kwamba chembechembe za misuli ya moyo hazizaliwi upya kwa wepesi kama zile za ngozi au za damu. Dawa hii ikiua baadhi yake, zinazobaki hulazimika kufanya kazi ya zile zilizokufa. Kwa muda zinaweza kuhimili. Hatimaye moyo hutanuka, nguvu zake za kusukuma damu hupungua, na maji huanza kujaa miguuni na kwenye mapafu.

Sisi wa Tunduma tunaijua mizani ya Mpemba. Kila lori lina uzito wake wa mwisho, na likizidisha halipiti. Moyo nao una kiwango chake cha dawa hii. Lakini tofauti ni kubwa: lori likifika Zambia hushusha mzigo na kurudi tupu, ilhali moyo haushushi. Dozi uliyopewa miaka 10 iliyopita bado inahesabiwa leo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Daktari hupima urefu na uzito wa mgonjwa ili kupata eneo la mwili wake kwa mita za mraba. Katika saratani ya matiti, mgonjwa hupewa mara nyingi miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, na hurudia mara nne. Jumla ni 240. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba jumla ikifika 400, wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 hupata udhaifu wa moyo. Ikifika 550 huwa 26, na ikifika 700 huwa 48. Ndiyo maana madaktari hujitahidi kutokufika huko. Lakini watajizuiaje kama hawajui mgonjwa alikwishapewa kiasi gani?

Hapo ndipo umbali wetu unapoingia. Kutoka Tunduma hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Mgonjwa hutibiwa huko, hurudi nyumbani, na akiumwa tena huanzia zahanati ya jirani, au hospitali ya Vwawa, au ya Mbeya, na wengine huvuka mpaka kwenda Nakonde. Kila mahali anakutana na mganga mpya asiyejua habari zake.

Namfahamu mama mmoja wa wilaya ya Mbozi aliyetibiwa saratani ya titi. Alirudi shambani kwake na kuendelea na kahawa yake. Baada ya miaka kadhaa miguu ikaanza kuvimba, na usiku akawa hawezi kulala mpaka aegemee mito mitatu. Jirani akasema saratani imerudi. Mwingine akasema amerogwa. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa ni figo. Hakuna aliyemuuliza juu ya dripu nyekundu, na yeye hakuwa na karatasi ya kuonyesha, kwa kuwa makaratasi yake yote yalikuwa yameliwa na mchwa. Miezi ilipita kabla hajapimwa moyo.

Miezi hiyo si kitu kidogo. Utafiti wa Italia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa walioanza dawa za moyo mapema, ndani ya miezi miwili baada ya kumaliza tiba ya saratani, wengi wao moyo ulirudia nguvu zake. Waliochelewa zaidi ya miezi 6, hakuna hata mmoja aliyepona kikamilifu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kuanza tiba, mgonjwa aeleze kama ana presha, kisukari au ugonjwa wowote wa moyo, na aulize kama atapimwa moyo kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho wengi hukiita eko. Kipimo hiki hakichomi wala hakiumizi. Pale Dar es Salaam ipo pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, ambako madaktari wa saratani wanaweza kumpeleka mgonjwa mwenye mashaka.

Pili, presha itibiwe na isiachwe. Sigara iachwe. Chumvi ipunguzwe, na mgonjwa atembee kadiri nguvu zinavyomruhusu.

Tatu, wanaopewa dawa ya trastuzumabu kwa saratani ya matiti wapimwe moyo kila baada ya miezi mitatu hivi. Dawa hiyo nayo huweza kuudhoofisha moyo, ingawa mara nyingi nguvu hurudi ikisimamishwa kwa wakati. Waliopigwa mionzi upande wa kushoto wa kifua nao waseme hivyo kila waendapo hospitali, hata baada ya miaka mingi. Na msichana aliyetibiwa saratani utotoni, siku akipata mimba, amwambie mkunga mapema, kwa maana mimba huongeza kazi ya moyo.

Nne, zifahamike dalili: kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, moyo kwenda mbio bila sababu, na uchovu usioelezeka. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Lakini usiache tiba ya saratani kwa hofu yako mwenyewe. Uamuzi huo ni wa kuzungumza na daktari.

La tano ndilo kubwa kuliko yote, na halihitaji fedha nyingi. Siku ya kuruhusiwa, omba muhtasari wa maandishi: jina la kila dawa uliyopewa, jumla ya kiasi chake, na sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi. Utoe nakala mbili. Moja uifunge kwenye nailoni mchwa wasiifikie, na nyingine akae nayo ndugu unayemwamini. Mwenye simu aupige picha. Nanyi waganga wa zahanati zetu, mkimwona mtu mwenye miguu iliyovimba, mwulizeni: je, uliwahi kutibiwa saratani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Moyo nao ni mali.