Zamu ya usiku wa Noeli

Leo ni Dominika ya nne ya Majilio. Mishumaa yote minne imewashwa, wanakwaya wamekaukiwa sauti kwa mazoezi, na stendi za mabasi zimejaa watu wanaokwenda Moshi, Bukoba, Songea na kwingineko kula sikukuu na wazazi wao. Lakini hospitalini, viwandani, kwenye vituo vya mafuta na kwenye ofisi za kampuni za ulinzi, kuna karatasi inayosomwa kwa wasiwasi kuliko tangazo lolote la parokia. Ni ratiba ya zamu ya tarehe 24, 25 na 26.

Kila mwaka, wiki kama hii, waamini hutujia mapadri na swali lile lile: "Padri, nimepangwa kazini siku ya Noeli. Nimeomba ruhusa, nimekataliwa. Je, nikikosa Misa nimetenda dhambi?" Wauguzi huliuliza, walinzi huliuliza, na mabinti wa kazi za ndani huliuliza kwa sauti ya chini kuliko wote. Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu anayeliuliza anajiona amefungiwa mlango, naye anasikia wenzake wakiimba ndani.

Tuanze na Injili. Mwinjili Luka, sura ya pili aya ya nane, anatueleza habari za wachungaji waliokuwa makondeni usiku ule. Biblia yetu ya Kiswahili inasema walilinda kundi "kwa zamu". Angalia neno hilo. Ndilo lile lile lililoandikwa juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani kazini kwako. Habari ya kwanza ya kuzaliwa kwa Mkombozi ilipelekwa kwa watu waliokuwa zamu ya usiku. Malaika hakuwakemea kwa nini hawako hekaluni, wala hakungoja wamalize kazi. Aliwafuata pale pale walipokuwa, na utukufu wa Bwana ukawaangazia katikati ya kondoo.

Kwa hiyo, wewe uliyepangwa kazini, usidhani Noeli itakupita. Mungu anajua njia ya kufika wodini na getini.

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Noeli ni sikukuu iliyoamriwa, nasi tunawajibika kushiriki Misa. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inafundisha kwamba sababu nzito humwondolea mwamini wajibu huo, na paroko wake anaweza kumpa ruhusa. Namba 2185 inaongeza kuwa mahitaji ya familia na huduma muhimu kwa jamii ni sababu halali ya kutopumzika siku takatifu. Muuguzi anayempokea mtoto mchanga saa tano asubuhi tarehe 25 hajamkimbia Kristo. Naye mlinzi ambaye akiacha lindo atapoteza kazi inayowasomesha watoto wake, asijihukumu kama mtu aliyeidharau Ekaristi.

Lakini usijisamehe kabla hujatafuta njia. Kanisa limeiwekea Noeli Misa za usiku, za alfajiri na za mchana, na mwamini anayeshiriki Misa jioni ya tarehe 24 ametimiza wajibu wake. Uliza ratiba ya parokia yako na ya parokia jirani na kazini kwako. Anayeingia kazini saa moja asubuhi anaweza kuwahi Misa ya mkesha. Anayetoka zamu ya usiku anaweza kupitia Misa ya alfajiri, ambayo Injili yake ni ya wachungaji wanaokwenda Bethlehemu. Ikishindikana kabisa, chukua dakika kumi za mapumziko yako, soma sura hiyo ya Luka na sali. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1248, inawahimiza wasioweza kufika kwenye Misa watumie muda wa kutosha katika sala.

Hadi hapa nimesema na wanaotumwa. Sasa niseme na wanaotuma, maana nao ni waamini na wengi wao hukaa viti vya mbele.

Kazi za siku ya Noeli hazifanani. Mgonjwa hawezi kusubiri, moto hausubiri, na umeme ukikatika lazima fundi apande nguzo. Lakini zipo kazi zinazofanyika siku hiyo kwa sababu tu mkubwa hakutaka kupanga mambo mapema, au kwa sababu kila mwaka anayebebeshwa ni yule yule: mgeni kazini, asiye na watoto, asiyejua kudai. Katekisimu, namba 2187, inatuonya tusiwadai wenzetu mambo yasiyo ya lazima yanayowazuia kuitunza siku ya Bwana. Jiulize basi: hesabu hizo za stoo haziwezi kungoja tarehe 27?

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, kinatoa amri ya Sabato kwa namna inayopaswa kutugusa. Mungu anataka mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike sawasawa na bwana wao, na anatoa sababu: kumbuka, nawe ulikuwa mtumwa Misri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana Mungu anamwagiza mwenye shibe akumbuke. Papa Leo XIII naye, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea pumziko la Dominika na la sikukuu kama haki ya mfanyakazi.

Na pale kazi inapokuwa ya lazima, lipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inaagiza kuwa anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Tarehe 25 na 26 zote zimo. Mtume Yakobo, sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Sadaka nono ya Noeli haiwezi kunyamazisha kelele hizo.

Tukiwa bado hapo, tuangalie jikoni. Pilau haijipiki. Familia nzima imevaa nguo mpya, imeketi benchi moja kanisani. Dada wa kazi yuko wapi? Kama naye ni Mkristo, aende Misa ipi? Kama aliahidiwa kwenda kwao, nani amemfutia safari kwa sababu wageni wameongezeka? Sioni faida ya kupamba pango sebuleni huku jikoni yupo binti ambaye hakuna aliyemuuliza kama amesali.

Wafanyakazi wenzetu nao wana la kutufundisha. Katika ofisi na hospitali nyingi nchini, Waislamu huwashikia Wakristo zamu siku ya Noeli, na siku ya Idi Wakristo hulipa fadhila hiyo. Hakuna mkataba ulioandikwa, ni utu tu. Ukipata nafasi ya namna hiyo, shukuru, na usisahau kulipa deni.

Nanyi mliobaki nyumbani, mama au baba akiwa kazini, msile sikukuu kana kwamba hayupo. Noeli haiishi tarehe 25 jua likizama. Oktava yake hudumu siku nane, hadi tarehe 1 Januari. Meza inaweza kungoja mpaka jioni, hata mpaka kesho yake. Na yule mlinzi wa mtaani kwenu, mpelekeeni sahani ikiwa bado ya moto. Yesu alisema tunachomtendea mdogo kabisa tunamtendea yeye.

Luka anasema wachungaji walikwenda Bethlehemu kwa haraka. Hasemi nani alibaki na kondoo. Kama yupo aliyebaki, basi kubaki kwake ndiko kulikowawezesha wenzake kufika horini, na Mtoto aliyelala pale hakumsahau. Waliokwenda nao hawakuhamia horini. Aya ya ishirini inasema walirudi, wakimtukuza Mungu. Walirudi kwenye kondoo wale wale.

Wiki hii, basi, chukua ratiba ya kazini kwako au ya nyumbani kwako, itazame upya kabla ya Jumapili ijayo, uone ni jina la nani linaloweza kupumzishwa.

Nawatakieni nyote, mlio zamu na mlio mapumzikoni, maandalizi mema ya Noeli.